Umepangiwa darasa la awali na kuna mtoto mwenye ulemavu wa viungo? Anzia getini

Walimu wapya wa awali mnaoripoti mwezi wa kwanza, hii ni yenu. Wakati wa uandikishaji atakuja mama kambeba mgongoni mtoto wa miaka mitano, na kabla hujamkaribisha vizuri atakuuliza kwa sauti ya chini kama na watoto wa hivi mnapokea. Mnapokea. Wala sio hisani ya mwalimu mkuu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na wenzake.

Kazi inaanza akishaandikishwa. Wengi wetu tunakimbilia kuuliza mtoto anaumwa nini, tunaandika mtindio wa ubongo au mgongo wazi kwenye daftari basi tumemaliza, kumbe hilo jina halikusaidii kupanga Jumatatu yako hata kidogo, maana unaweza kuwa na wawili wote wana mtindio wa ubongo, mmoja anakimbia anachechemea, mwingine hata shingo haijakaza. Mimi naifuata siku yenyewe. Chukua ratiba yako, getini, mstarini, kwenye mkeka, kona za kujifunzia, uji, choo, michezo, kurudi nyumbani, na kila sehemu jiulize na uandike pembeni atafikaje, atakaaje, atashikaje, akitaka kitu atasemaje. Fanya hivyo na mzazi akiwepo, na mtoto mwenyewe muulize, wanajua mengi hawa.

Kukaa ndo kwanza. Mtoto anayening'inia kwenye kiti mikono yake yote iko bize kujizuia asianguke, sasa ataandika saa ngapi? Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, magoti yakunjike vizuri, na nyayo ziguse kitu, hata kama ni tofali limefungwa kitenge. Wenzake wakiwa kwenye mkeka na yeye awe chini nao, aegemee kona ya ukuta au mto, asibaki juu ya kiti peke yake kama mgeni rasmi. Na mbadilishie mkao mara kwa mara, hasa mwenye mgongo wazi maana wengi hawasikii maumivu sehemu za chini, kidonda kinaanza na hakuna anayejua.

Kushika ni rahisi kuliko mnavyodhani. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli zungushia penseli inenepe, karatasi ibandike kwenye meza isikimbie, vizibo vya kuhesabia vikimshinda weka vitu vikubwa kama maboksi ya dawa ya meno. Mwenye shida ya kuongea mpe picha achague kwa kidole au kwa macho, alafu SUBIRI. Walimu tuna haraka sana, tunauliza na kujibu wenyewe. Kutoongea vizuri sio kutoelewa.

Uji: mama akuonyeshe anavyomlisha nyumbani. Kichwa kiinamie mbele kidogo, usimlaze kichwa nyuma hata siku moja, na uji mzito kidogo mara nyingi ni salama kuliko mwepesi unaokimbilia kooni.

Sasa choo. Hapa ndo watoto wanapoachia shule, sio kwenye hesabu. Mtoto anajua hawezi kuchuchumaa kwenye tundu kwahiyo asubuhi hanywi maji, mchana anaumwa kichwa, wewe unaandika hana usikivu. Kiti cha mbao chenye tundu fundi yeyote wa mtaani anatengeneza, weka na nguzo ya kushikilia ukutani, na kuwe na mtu mzima mmoja anayejulikana wa kumsaidia, tena mzazi na mtoto wawe wamemkubali. Usiwape kazi hiyo wanafunzi wa darasa la sita. Ngazi nayo iwekee njia ya mteremko ya kupitishia kiti mwendo na uipigie hesabu, kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za mteremko, kwahiyo ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa karibu mita 2. Fundi atakuwekea mita moja aseme inatosha, mwambie akae yeye kwenye kiti mwendo ajaribu kupanda kwa mikono yake.

Michezoni usimfanye mshika filimbi kila siku, hiyo ni kumtoa kiujanja. Waachie watoto wenyewe, kwenye rede utakuta wameshampa nafasi ya kurusha mpira na anarusha kweli.

Najua mtasema mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu na wewe unao mara tatu ya hapo. Ndo maana anza na vitu viwili, kiti na choo, vingine vitafuata.

Alafu mwezi wa kumi na moja, kabla hamjafunga, kaa na mwalimu wa darasa la kwanza umpe ile karatasi ya ratiba na umwonyeshe anavyokaa. Na muulize mwalimu mkuu mapema darasa la kwanza mwakani litakuwa chumba gani, maana shule nyingi nimeona wanaliweka kule juu kwenye ngazi nne na hakuna aliyefikiria.