Hita ya infraredi kwa baridi ya Njombe: piga hesabu ya uniti kwanza

Pole na baridi, dada. Umeuliza kama hita ya infraredi ya wati 1,200 inaweza kuchukua nafasi ya jiko la mkaa sebuleni kwako Njombe. Jiko hilo litoe leo, ununue hita au usinunue. Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Hita hiyo hupasha mwili na vitu vilivyo mbele yake, si hewa. Ukiielekea unapata joto papo hapo. Ukisogea pembeni, baridi iko palepale. Inafaa kwenye kochi mnapokaa, si nyumba nzima.

Muuzaji akisema inakula umeme nusu, muulize nusu ya nini! Wati 1,200 kwa saa nne kila siku ni uniti 4.8, yaani 144 kwa mwezi. Kama uko daraja la D1 la TANESCO, yaani bei nafuu ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo utaingia bei ya juu. Mimi ningeanza kwa kuziba upepo wa milangoni na kuweka dari.

Usiichomeke kwenye ekstensheni, na iwe mita moja kutoka kwenye pazia. Soketi ikipata moto, zima, ita fundi umeme mwenye leseni.