Swali: Wanafunzi wanachanganya DC (mkuu wa wilaya), DED (mkurugenzi mtendaji wa halmashauri) na diwani, nifanyeje?

SWALI: Mkuu habari. Nafundisha Uraia sekondari huku wilayani. Kila mwaka tukifika serikali za mitaa madogo wanavurugwa, DC wanamwita bosi wa diwani, mtendaji kata wanasema kachaguliwa. Ule mchoro wa ngazi nimeuchora mpaka chaki imeisha. Nifanyeje?

JIBU: Salama mwalimu. Mimi naona mchawi ni huo mchoro wenyewe. Ukipanga kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya kwenye ngazi moja mtoto anaona ni jeshi, wa juu anamwamrisha wa chini basi. Futa. Chora safu mbili, waliopigiwa kura kushoto na walioteuliwa au kuajiriwa kulia, halafu kila cheo waulize nani kamweka na nani anaweza kumtoa.

Mwenyekiti wa kijiji kushoto, mtendaji wa kijiji kulia. Diwani kushoto, mtendaji kata kulia, na wakikaa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata diwani ndo mwenyekiti, mtendaji katibu. Tarafa kushoto weka dashi, pale kuna afisa tarafa tu, hakuna baraza.

Wilayani sasa ndo kazi ipo. Mwenyekiti wa halmashauri anachaguliwa na madiwani kati yao wenyewe, DED ni mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa baraza, DC yeye ni mtu wa serikali kuu, anamwakilisha Rais wilayani na ndo anaongoza kamati ya ulinzi na usalama. Tatizo madogo wanasikia redioni Rais kateua maDC na maDED kwa mkupuo mmoja, wanaona ni kitu kilekile. Hapa usikimbie, kaa hata vipindi viwili.

Uchaguzi nao una mtego. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji walichaguliwa 2024, madiwani wakachaguliwa 2025 pamoja na Rais na wabunge. Yaani diwani ni mtu wa serikali za mitaa ila hachaguliwi kwenye ule uchaguzi unaoitwa wa serikali za mitaa, hata watu wazima wanapigwa chenga hapo.

Halafu usiwaambie mtaa ni kijiji cha mjini. Kijiji kinasajiliwa, halmashauri yake inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, mtaa hauna hayo.

Baada ya safu wape jambo moja walifuatilie, mfano zahanati iliyoishia kwenye lenta, linaanzia wapi, mkutano mkuu wa kijiji (wa wenye miaka 18 na kuendelea, kisheria angalau kila miezi mitatu) unasema nini, kata inapeleka wapi, nani anapitisha bajeti. Watakutana na mbunge kwenye baraza la madiwani na watakuuliza anafanya nini pale, waambie ni mjumbe halali.

Ukiwa na mwanafunzi katoka Unguja jiandae, kule sheha (kiongozi wa shehia, eneo dogo kama kijiji au mtaa) anateuliwa, kwa hiyo safu yako ya kushoto ataibishia na yuko sahihi.