Jibu: Konsoli ya siriali inakata Linux inapoanza kuwaka

Mkuu, kama maandishi ya BIOS (programu ya kwanza kuwaka kwenye mashine) unayasoma vizuri kwenye PuTTY, programu ya kusomea poti ya siriali ukiwa kompyuta nyingine, na yanakatika Linux inapoanza kuwaka, basi kebo yako ni nzima na kasi za pande zote mbili zinalingana. Usiguse tena hivyo viwili.

Kinachotokea ni hiki: "Console Redirection" ya BIOS hunakili kwenye poti ya siriali kile tu kinachoandikwa kupitia BIOS. Kerneli (kiini cha Linux) ikishika usukani, inaandika moja kwa moja kwenye kadi ya video, na poti haipati kitu mpaka uiambie. Fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX ongeza:

console=tty0 console=ttyS0,115200n8

Hapo tty0 ni skrini, ttyS0 ni poti ya siriali, na 115200 ni kasi yake. Mpangilio una maana. Ile ya mwisho ndiyo inayokuwa konsoli kuu, kwa hiyo ttyS0 ikae mwisho. Kisha endesha update-grub (kwa Debian na Ubuntu) uwashe upya. Kwenye mifumo ya systemd, sehemu ya kuingiza jina na nywila itajitokeza yenyewe kwenye poti hiyo.

Hakikisha pia ni poti gani umeelekeza. Ile BIOS inayoiita COM1, yenye anwani 3F8 na IRQ 4, kwa kawaida Linux huiita ttyS0; COM2, yenye 2F8 na IRQ 3, ni ttyS1. Seva nyingi zenye SOL (Serial over LAN, yaani siriali kupitia mtandao) huipitisha kwenye COM2, na hapo watu hupoteza siku nzima wakisubiri kwenye poti isiyo yake.

Menyu ya GRUB ikikuletea herufi mbilimbili, zima uelekezaji wa baada ya POST (ukaguzi wa mashine inapowaka) kwenye BIOS.