Ushahidi wa mtoto hupotea kwenye mwenendo wa kesi: ushauri kwa waendesha mashtaka wapya

Wengi wenu mnaingia mahakamani mkiwa mmekariri kwamba ushahidi bora wa kosa la kujamiiana ni ule wa mwathirika mwenyewe. Ni kweli, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema hivyo katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2006, na tangu ilipotungwa SOSPA (sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana) mwaka 1998, mshtakiwa anaweza kutiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake. Hata hivyo, sheria inamtaka hakimu aandike sababu zilizomridhisha kwamba mtoto amesema kweli tupu, na Mahakama ya Rufani imekwisha kuonya kwamba maneno ya mwathirika hayapokewi kama msahafu.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Katika kesi yangu mojawapo ya mwanzo, mtoto alieleza vizuri mno, lakini mwenendo, yaani kumbukumbu ya kesi anayoiandika hakimu, ulionyesha jina lake, umri wake, kisha simulizi moja kwa moja. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ahadi haikuandikwa, nami nilikuwa nimekaa palepale nikipanga maswali yangu. Kwenye rufaa ushahidi ule uliondolewa, na uliobaki haukutosha. Mistari inayohitajika ni michache tu: "Nina miaka 9. Nasoma darasa la tatu. Kiapo sikijui. Naahidi kusema ukweli, sitasema uongo." (Kifungu tumezoea kukiita cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, kagua namba katika toleo unalotumia.)

Jambo la pili ni lugha ya mtoto. Akisema "alinifanyia tabia mbaya", usikimbilie kumtafsiria, kwa maana Mahakama ya Rufani imekubali mara kadhaa kwamba mtoto, kwa umri wake na malezi yake, hatarajiwi kutaja kila kitu waziwazi. Muulize kwa upole: "Tabia mbaya ni nini? Kisha ikawaje?" Swali elekezi, yaani lenye jibu ndani yake, litakupa jibu unalolitaka, lakini maneno yatakuwa yako, na wakili wa utetezi atayararua wakati wa dodoso, yaani zamu yake ya kumhoji mtoto.

Kuchelewa kusema hakuui kesi, mradi sababu ielezwe. Mtoto aliyetishiwa na mtu anayelala naye nyumba moja hawezi kupimwa kama mtu mzima aliyeibiwa simu. Kutaja jina la mhusika mapema kunampa hakimu imani zaidi. Tofauti ndogo za saa au rangi ya nguo huvumilika, ila si zile zinazogusa mzizi wa shtaka. PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari, nayo msiitegemee kupita kiasi: daktari anaweza kueleza alichokiona mwilini, hawezi kusema nani alikifanya. Umri uliomo kwenye hati ya mashtaka si ushahidi; mleteni mzazi auseme, au cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mwathirika akiwa chini ya miaka 10, adhabu ya kubaka ni kifungo cha maisha.

Ushahidi huu husikilizwa faragha, hivyo hakikisheni wasiohusika wametoka kabla mtoto hajaitwa. Mimi hadi leo, akishasimama kizimbani, siulizi swali langu la kwanza mpaka nione kalamu ya hakimu imemaliza kuandika ile ahadi.