Kazi Isiyo na Tarehe

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini watu huahirisha mambo wanayojua wazi kuwa ni ya lazima, na tabia hiyo tunaweza kuishindaje katika maisha ya kila siku. Wengi huku Mbeya wangejibu kwa neno moja tu, uvivu. Mimi silikubali jibu hilo, na sababu yangu naitoa shambani.

Mvua za kwanza zinaponyesha, Novemba au mwanzoni mwa Desemba, hapa Uyole hakuna anayehitaji kuhimizwa. Alfajiri watu wako njiani na majembe, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, na aliyechelewa kupanda mahindi hapati msimu wa pili. Palizi nayo haisubiri, maana magugu huyanyima mahindi machanga maji na chakula katika wiki zile za mwanzo, na mbolea ya kukuzia hutakiwa pale mahindi yanapofika magotini. Kazi hizi ni nzito, lakini zinafanyika. Sasa mtazameni mkulima huyohuyo, hodari wa jembe, ambaye mtoto wake anakaribia kumaliza shule ya msingi bila cheti cha kuzaliwa, ambaye hajawahi kupima presha, na ambaye kiwanja alichokinunua kwa jasho lake bado kinategemea karatasi ya mauziano iliyokunjwa sandukuni. Huyu hawezi kuitwa mvivu. Shamba limepangiwa tarehe na mvua, na jirani akipita analiona. Cheti, kipimo na hati havina tarehe wala shahidi.

Lipo jambo jingine, nalo naliona zito zaidi. Mwaka 2013 watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba mtu anapoahirisha, mara nyingi anatafuta nafuu ya haraka kutokana na hisia mbaya anayoipata akiifikiria kazi ile, na gharama yake anaibeba baadaye. Maelezo hayo yanalingana na ninayoyaona mtaani. Anayekwepa kupima presha anaogopa kuambiwa kuwa ni mgonjwa, na kwa kuwa presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, kila siku anayojisikia mzima inampa kisingizio kipya. Anayeacha kumpigia simu mtu anayemdai anakwepa aibu. Kwa hiyo lawama na matusi ambayo wazazi na walimu wengi huyatumia havisaidii kitu: ukimwongezea aibu mtu anayekimbia aibu, umempa sababu ya kukimbia mbali zaidi. Natamani sana jambo hili lieleweke majumbani, hasa kwa watoto ambao daftari la hesabu limekwisha kuwatia hofu.

Niseme pia kwamba si kila kusubiri ni kuahirisha. Mkulima anayekataa kupanda kwa manyunyu ya kwanza anajua anachokisubiri, yaani udongo ulowe vya kutosha ili mbegu isiote kisha ikauke. Vilevile, mtu aliyekosa nauli, au aliyeambiwa "njoo kesho" na ofisi ileile mara kwa mara, asihesabiwe miongoni mwa wanaoahirisha.

Kuhusu namna ya kuishinda tabia hii, ninaamini tuzipe kazi hizo kile ambacho shamba linacho tayari, yaani siku na mtu wa kutuuliza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba nia inayotaja lini, wapi na vipi hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa tumelifanya hilo kwa njia rahisi: kabla sanduku halijafungwa, mwanachama anayetaka hutaja jambo moja lililomkwama, siku atakayolianza, na hatua ya kwanza, ambayo ni lazima iwe ndogo. Hasemi "nitashughulikia cheti cha mtoto", husema "Jumatano nikitoka sokoni nitapita ofisi ya kata kuuliza vinavyohitajika." Mkutano unaofuata mwenyekiti humuuliza. Wapo waliopendekeza faini, kama ile ya wachelewaji, tukaikataa, kwa sababu mwenye faini angeanza kuukwepa na mkutano wenyewe. Aliyeshindwa hutaja siku nyingine, na ikibidi mwenzake humsindikiza, jambo ambalo kwa kipimo cha presha limesaidia kuliko maneno yote. Kwa vyeti, wazazi wa watoto wadogo wana nafuu kubwa, kwani Mbeya ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, mwaka 2013, katika mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata.

Kilichobaki kuwa kigumu kwetu ni wosia, ingawa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, huuandaa na kuutunza kwa anayehitaji, kwa sababu wazee wengi huona kuuandika ni kujiitia kifo. Hapo hatukumshurutisha mtu. Tumekubaliana kwamba hatua ya kwanza iwe kuorodhesha tu mali na madeni kwenye daftari la nyumbani, mume na mke wakiwa pamoja, na baadhi ya nyumba zimekwisha kufika hapo.