Zeitz MOCAA, Cape Town: kuizunguka kwa nje ukiwa na saa mbili

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kufika kwenye jumba la sanaa la Zeitz MOCAA bila tiketi ya kuingia. Ipo, tena kubwa, kwa sababu lile jengo linajieleza lenyewe kwa nje.

Vilikuwa vihenge vya nafaka vya bandari, vilivyokamilika 1924. Septemba 2017 vikafunguliwa kama jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika, baada ya mbunifu Thomas Heatherwick kuchonga ukumbi wenye umbo la punje ya mahindi ndani ya mirija 42 ya zege.

Anza ukutani kabisa. Rangi ya zamani ilibanduliwa, kwa hiyo kokoto za zege unaziona na kuzigusa. Wengi wanapiga picha ya mbali na kuondoka, hili wanalikosa. Kisha rudi nyuma mpaka mnara wote wa mita 57 uenee machoni. Yale madirisha ya juu yametuna kama mito ya kulalia, lakini kioo chenyewe hakijapindwa: ni vipande bapa vingi, kila kimoja na mwinamo wake. Ndiyo maana kipande kimoja kinaakisi wingu na jirani yake anaakisi jengo la pili. Huko juu ni hoteli, hivyo giza likiingia mnara unawaka kama kandili. Piga picha mara tu jua likizama, mbingu ikiwa bado na buluu. Ukichelewa zege lote linamezwa na weusi. Kwenye simu, gusa dirisha lenyewe kisha punguza mwanga, la sivyo madirisha yanaungua yawe meupe tu.

Kwa njia, anzia uwanja wa Nobel Square penye sanamu za Luthuli, Tutu, de Klerk na Mandela, washindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel wa Afrika Kusini. Vuka daraja la miguu linalozunguka. Chombo kikitaka kupita linafungwa na watu wote mnasubiri, kwa hiyo mwenye tiketi ya boti ya kwenda kisiwa cha Robben Island asingoje dakika za mwisho: gati la boti hizo liko ng'ambo. Ukishavuka, mnara mwekundu wa saa wa 1882 uko mbele yako. Chungulia majini, mara nyingi sili wamelala pale pembeni. Kutoka hapo hadi kwenye vihenge ni mwendo mfupi wa miguu.

Oktoba hadi Machi jihadhari na upepo wa kusini mashariki. Upepo huo ukipita kati ya majengo marefu unabanwa na kuongeza kasi, na kamera iliyo juu ya miguu mitatu inaanguka. Ukiona wingu jeupe limetandazwa juu ya Mlima wa Meza, ujue ndio upepo huo, beba koti hata kama jua ni kali.