Uliza Ujibiwe: Mechi 162, nusu mechi na warushaji watano

Barua za besiboli zimetujia kutoka Nakuru hadi Bungoma, karibu zote zikihusu ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, MLB. Tumechagua hizi.

Timu ninayoishabikia ilishinda 9–1 Jumatatu, kesho yake ikachapwa 7–0 na timu ya mkiani. Gor Mahia wakifanya hivyo mji mzima haulali. Mbona huko hakuna anayeshtuka? (Msomaji, Kisumu)

Jezi ni ileile, lakini mrushaji (pitcher, anayemrushia mpigaji mpira) wa Jumanne si yule wa Jumatatu, na besiboli huamuliwa na mrushaji kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani. Anayeanza mechi hurusha mpira takriban mara 90 hadi 100, kisha hupumzika siku nne au tano. Ndiyo maana timu huzungusha warushaji watano. Wa kwanza anaweza kuwa nyota wa ligi. Wa tano huenda ni kijana aliyepandishwa juzi kutoka ligi ndogo.

Kinachoharibu wiki nzima ni mrushaji wa kuanza kutolewa mapema. Akiondoka zamu (inning) ya tatu kati ya tisa badala ya ya sita, warushaji wa akiba wanabeba zamu tatu ambazo hazikuwa zao. Kesho yake mikono imechoka, na uongozi wa pointi mbili kwenye zamu ya nane unakosa wa kuulinda. Kufungwa mechi nne mfululizo mara nyingi huanzia hapo, wala si kwa wapigaji. Kocha hawezi kujaza benchi apendavyo: kikosi ni wachezaji 26, warushaji wasizidi 13 (Septemba ni 28 na 14). Njia iliyobaki ni kumrudisha mmoja ligi ndogo na kuita aliyepumzika. Aliyerudishwa hukaa huko siku zisizopungua 15, ila akiitwa kuziba pengo la majeruhi. Ukiona kijana amerusha vizuri leo na kesho jina lake halipo, usidhani ameadhibiwa.

Kumbuka pia wingi wa mechi. Ligi Kuu yetu ina mechi 34 kwa kila timu. Huko ni 162 kwa miezi sita, karibu kila siku. Seattle Mariners wa 2001 walishinda 116 na bado wakapoteza 46. Chicago White Sox wa 2024 walipoteza 121, lakini mara 41 kuna timu iliyorudi nyumbani imefungwa nao. Pima timu kwa mechi 15, yaani warushaji wote watano wamezunguka mara tatu. Na wanaojaza mikeka waangalie jina la mrushaji kabla ya jina la timu.

Jedwali linasema timu ya pili iko nyuma kwa mechi 4.5. Nusu mechi huchezwaje? (Msomaji, Nakuru)

Haichezwi. Hutokea pale timu moja imecheza mechi nyingi kuliko nyingine, mara nyingi kwa sababu ya mvua. Chukua tofauti ya ushindi, jumlisha tofauti ya vipigo, gawa kwa mbili. Vinara wana 54–36 (ushindi 54, vipigo 36), wa pili 49–40: tano na nne ni tisa, nusu yake 4.5. Sare hazipo kwenye hesabu hii. Mechi ikiwa sawa baada ya zamu tisa huendelea, na tangu 2020 kila zamu ya nyongeza ya msimu wa kawaida huanza na mkimbiaji akiwa tayari kituo cha pili.

Mwishoni mwa msimu hesabu yenye faida zaidi, ya kujua vinara wamebakiza nini kutwaa kundi lao, ni hii: 163, toa ushindi wa vinara, toa vipigo vya wanaowafuata. Vinara wakiwa na ushindi 88 na wa pili vipigo 66, inabaki 9. Kila ushindi wa vinara au kipigo cha wa pili hupunguza moja. Ikifika sifuri, vinara wametwaa kundi na hawawezi kufikiwa tena. Tangu 2022 hakuna mechi ya ziada ya kuvunja usawa: huangaliwa matokeo ya timu hizo zenyewe. Vinara wakiwa mbele hapo, anza na 162.

Nikikokotoa wastani wa mrushaji (ERA, pointi anazosababisha kwa kila zamu tisa) napata jibu tofauti na la jedwali. (Mwalimu, Kakamega)

Kosa liko kwenye nukta. Zamu 40.2 ni 40 na theluthi mbili, kwa kuwa kila zamu ina wapigaji watatu wa kutolewa. Pointi 20 alizosababisha mrushaji, mara 9, gawa kwa 40.667: 4.43. Ukigawa kwa 40.2 utapata 4.48.

Arizona walifikaje fainali ya 2023 kwa ushindi 84 tu? (Msomaji, Busia)

Waliingia mtoano wakiwa wa sita, nafasi ya mwisho ya kufuzu katika upande wao wa ligi. Mechi za mtoano zina siku za mapumziko, hivyo warushaji watatu au wanne wanatosha na yule wa tano anasahaulika. Waliwatoa Dodgers, wenye ushindi 100, kwa 3–0. Fainali wakalala 4–1 kwa Texas Rangers.

Nitazame saa ngapi? (Msomaji, Bungoma)

Mechi ya jioni New York, saa 1:05, huku ni saa 8:05 usiku. Ya Los Angeles ya saa 1:10 inakukuta saa 11:10 alfajiri. Wenye kazi watafute za mchana: saa 7:05 ya New York ni saa 2:05 usiku. Ratiba ikiandika Jumanne jioni, kwetu ni usiku wa kuamkia Jumatano. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma na tofauti huongezeka kwa saa moja, ingawa kwa kawaida fainali huwa imekwisha.